Mariya alikuwa dereva, na cheni ilikuwa kazi yake

Picha ya Mariya Oktyabrskaya imezunguka tena kwenye simu za watu hapa Tanga, na maelezo chini yake ni yale yale: mjane wa Kisovyeti aliyeuza vitu vyake, akainunulia serikali kifaru, akapewa nishani. Vijana gereji wanasoma, kisha mmoja anamalizia: "Huyo dereva tu, anayepigana ni mwenye mzinga." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno. Umri wangu wa kazi umeishia kwenye matingatinga ya mashamba ya mkonge na machimbo ya chokaa ya Pongwe. Cheni, yaani mikanda ya chuma inayotembeza mashine hizo na vifaru, nazijua. Kauli hii inanikera kwa sababu inaifuta kazi ile ile iliyomuua.

Ya pesa tuyamalize haraka. Mariya alizaliwa Crimea mwaka 1905. Mumewe, ofisa wa jeshi, aliuawa vitani 1941, na habari zilimfikia baadaye sana akiwa Tomsk, Siberia, alikohamishiwa. Akauza alichokuwa nacho, akatoa rubo 50,000 za kujengea kifaru, akamwandikia Stalin kuomba akiendeshe mwenyewe. Akakubaliwa, akafundishwa miezi mitano, wakati ambapo madereva wengi walisukumwa mstari wa mbele wakiwa wamejifunza kidogo tu. Pesa zilimpatia kiti, basi. Ushujaa wa Umoja wa Kisovyeti, heshima ya juu kabisa kwao, ulitangazwa tarehe 2 Agosti 1944 akiwa ameshafariki, na msingi wake ni aliyoyafanya kwenye kiti hicho na nje ya kifaru.

Kiti chenyewe kilikuwa cha T-34, kifaru cha Kisovyeti. Watu wanne ndani, tani kama 30, injini ya dizeli ya silinda 12 yenye nguvu farasi 500. Dereva yuko mbele kushoto, ameshika vyuma viwili, na mwendeshaji wa tingatinga la zamani angevitambua mara moja: vuta cha kulia, klachi ya upande huo inaachia, vuta zaidi, breki inashika, mashine inageuka. Gia zilikuwa ngumu kiasi kwamba mtu wa redio aliyekaa kando alilazimika kusaidia kuvuta. Vioo vya kuonea nje vilikuwa vibaya, kwa hiyo madereva wengi waliendesha mlango wa mbele ukiwa wazi kidogo, uso ukielekea risasi. Na huyo mwenye mzinga mnayemsifu hakuweza kulenga kwa uhakika mpaka kifaru kisimame, na aliyekisimamisha mahali pa kufaa au pa kufia ni dereva.

Sasa cheni. Hapa ndipo watu wanaponichosha kabisa, maana wanadhani cheni ya kifaru ikikatika unairudisha kama ya baiskeli, unafuta mikono, unaondoka. Cheni ya T-34 ilikuwa na upana wa nusu mita, pingili za chuma cha kusubu zilizoungwa kwa pini. Kinachovuta ni gurudumu la nyuma. La mbele ni la kukazia tu. Cheni ikikatika ukiwa kwenye mwendo, upande mzima unaendelea kusukuma na mbovu unakwama, kifaru kinazunguka chenyewe na kumwonyesha adui ubavu. Dereva asipoachia papo hapo, magurudumu yanaitoka cheni na kuiacha imelala nyuma kwenye matope. Hapo kazi imekuwa mara mbili. Aliyewahi kusimama anabaki na cheni chini ya magurudumu, na hiyo inaungika.

Na pini zake. Kuna fundi mmoja huniambia kila mara kwamba Warusi walikuwa wazembe, pini hazikufungwa upande wa ndani. Ni kweli hazikufungwa, na walikusudia. Kichwa cha pini kilielekea bodi ya kifaru. Pini ikianza kutoka, inapita kwenye bamba lenye mshazari lililounganishwa na bodi karibu na gurudumu la nyuma, na bamba linaigonga irudi ndani. Kila mzunguko, ko, ko, ko. Hakuna nati ya kuota kutu, hakuna cha kukata kwa tindo ukiwa na haraka. Ukitaka kutoa pini, unaipiga kutoka nje itokee upande wa ndani. Mimi niliyeona vumbi la chokaa likila pini na bushi mpaka pini inagoma kutoka hata kwa nyundo kubwa, namvulia kofia aliyebuni lile bamba.

Lakini kuunga bado ni kazi ya nje. Unalegeza gurudumu la mbele, unavuta ncha ya cheni kwa waya na mtaimbo, mmoja anaweka mabega, mwingine anapiga pini. Pingili moja ikikaa pembeni kidogo, pini haiingii, unaanza tena. Gereji, hilo ni jasho na matusi. Mariya alilifanya chini ya mizinga.

Kwenye mapigano yake ya kwanza, Oktoba 1943, kifaru kilipopigwa alishuka kutengeneza huku risasi zikipita, kinyume cha amri. Akapandishwa cheo kuwa sajini. Novemba, huko Novoye Selo, cheni ikapigwa tena. Akaruka nje na mwenzake, waliobaki wakiwakinga kwa mzinga, wakaiunga na kuirudia brigedi yao siku kadhaa baadaye. Tarehe 17 Januari 1944, karibu na Vitebsk, Belarus, shambulio la usiku, cheni kwa mara nyingine. Akashuka, akaiunga, na kipande cha kombora kikampiga kichwani. Hakuzinduka, alifariki tarehe 15 Machi.

Kuna jambo ambalo simulizi za sifa huliruka, na mimi linanisumbua kweli. Ukiunga cheni, unahitaji mkono mwepesi ndani, kwenye klachi, wa kusogeza gurudumu sentimita chache tu bila kumkata vidole aliye nje. Mkono huo ni wa dereva. Kwa hiyo amri ya kumtaka abaki ndani haikuwa woga wa kamanda. Ilikuwa na akili ya kiufundi. Ningekuwa msimamizi, ningetoa amri hiyo hiyo. Ila najua pia kwamba cheni ya mashine yako unaijua wewe: pingili ipi imechoka, pini ipi ilikuwa inasumbua tangu asubuhi, na kumweleza mtu kwa kupiga kelele ndani ya chuma hakufanyi kazi. Naelemea kwake, si kwa uhakika wote.

Ubishi wa hapo nitaupokea, na fundi yeyote mwenye hoja aje Pongwe tubishane mpaka jioni. Ule wa pesa na "dereva tu" siupokei tena.