Funguo za apu yako: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Dhana: "Ripo ni praiveti, hata nikiacha paswadi humo nani ataiona?"

Ripo ni ghala la kodi ya mradi, na Uber nao yao ilikuwa praiveti. Mwaka 2016 wadukuzi wakaingia GitHub (tovuti ya kutunzia ripo) ya mainjinia wao, wakakuta funguo za Amazon (herufi za siri zinazoiruhusu apu kuingia kwenye seva za kukodi) zimelala humo humo kwenye kodi, wakaondoka na data za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni ikawalipa dola 100,000, na watu wakaja kuambiwa Novemba 2017. Praiveti maana yake wanaoiona ni wachache, basi, na kwenye hao wachache yupo aliyeibiwa laptopu, yupo aliyeacha kazi na bado hajatolewa, yupo mwenye paswadi moja ya kila kitu.

Dhana: "Nilishaifuta."

Umeifuta kwenye faili la leo tu. Git (programu inayorekodi mabadiliko ya kodi) inatunza historia yote, mtu akiandika git log -p anaisoma kama ulivyoiacha. Toyota walitangaza 2022 kwamba ufunguo wa seva ya T-Connect, huduma yao ya magari yaliyounganishwa na intaneti, ulikuwa hadharani GitHub tangu Desemba 2017, na barua pepe za wateja kama 296,000 zikawa hatarini. Kwa hiyo ufunguo ukivuja cha kwanza si kufuta, nenda kule ulikoutoa, uuzime, toa mwingine. Historia utaisafisha ukipata muda, na wala haina haraka ukishauzima.

Dhana: "Imesimbwa hiyo, si unaona herufi hazieleweki?"

Hapa ndo watu wa Daraja ya M-Pesa (mlango wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa) wanaponichosha. Ile Password ya STK push (ombi la malipo linalomtokea mteja kwenye simu) ni shotikodi yako (namba ya biashara), passkey (siri unayopewa na Safaricom) na muda vimeunganishwa vikapitishwa base64, yaani vimeandikwa kwa herufi nyingine tu, hakuna siri yoyote hapo, amri moja ya base64 -d na passkey iko mezani. Hata ile Authorization ya kuombea tokeni (kibali cha muda) ni consumer key na consumer secret, yaani jina na paswadi ya apu yako, zimevaa base64 tu. Sasa mtu amekwama saa sita usiku, anapiga skrinshoti ya ombi zima anatupa kwenye grupu la WhatsApp, "wakuu nisaidieni inaleta error", wakuu mia mbili wanaangalia secret ya biashara ya mteja wake. Na usijipe moyo eti tokeni inaisha baada ya sekunde 3600, mwenye key na secret anajiombea nyingine muda wowote anaotaka.

Kuna na wanaoziweka ndani ya apu ya simu kabisa. APK (faili la apu ya Android) ni zip jamani, inafunguliwa. Secret ikae kwenye seva, apu iongee na seva yako, seva ndo iongee na Safaricom.

Dhana: "Nina .env, niko salama."

Hiyo .env ni faili la kuwekea siri nje ya kodi. Kama haipo kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git isiyaguse), au folda ya mradi ndo hiyo hiyo inayoonekana kwenye tovuti kiasi kwamba mtu akiandika /.env inamfungukia, hapo hujaficha kitu.

Dhana: "Wape wote admin tusisumbuane."

Benki ya Capital One 2019, hitilafu ilianzia kwenye faiwoli (kizuizi cha wavamizi) iliyosetiwa vibaya, sawa, hilo linatokea. Ila ile faiwoli ilikuwa na ruhusa ya kuorodhesha na kusoma mafaili ya wateja, faiwoli inayatakia nini? Zikavuja data za watu kama milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada, na faini ya dola milioni 80. Sasa angalia databesi yako: skripti inayotoa ripoti ya mauzo kila asubuhi inaingia kama root, yuza mwenye mamlaka yote. Ipe yuza wake mwenye SELECT (ruhusa ya kusoma tu) kwenye meza mbili anazozihitaji, siku skripti ikidukuliwa huyo mtu atasoma mauzo, hatafuta wateja.

Dhana: "Nikibadilisha funguo kila kitu kitalala."

Amazon wanakuruhusu funguo mbili kwa yuza mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Toa wa pili, uweke kwenye seva, angalia ule wa zamani umetumika mara ya mwisho lini, ukiona kimya uuzime, na usiufute kwanza maana kuna kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya mwisho wa mwezi ambayo wote mmeisahau.