Ulichokubali siku ya kwanza bado unaweza kukibadilisha
Wengi huamini kwamba ukishabonyeza "Kubali" unapoandaa laptopu mpya, ruhusa za mahali ulipo, maikrofoni na matangazo hubaki hivyo hadi mashine ifutwe yote. Kumbe maswali yale huweka hali ya kuanzia tu.

Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, uingie sehemu ya faragha na usalama. Fungua ukurasa wa maikrofoni: utakuta orodha ya programu, nyingi zikiwa na swichi zake na lini zilitumia maikrofoni mara ya mwisho. (Hapo ndipo wengi hushtuka.) Mac nayo ina sehemu kama hiyo.

Ila kwenye Windows, taarifa za uchunguzi (za hali ya mashine, zinazotumwa Microsoft) zilizo za lazima hazina swichi. Huzimika zile za hiari.