Si Kila Kutapika Husababishwa na Morfini

Wengi wanaouguza wagonjwa wa saratani iliyosambaa majumbani, kuanzia Mbagala hadi Tegeta jijini Dar es Salaam, huamini kwamba morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ndiyo inayowatapisha wagonjwa, hivyo huificha chupa kabatini na kumwacha mgonjwa na maumivu. Kichefuchefu cha morfini kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hivi. Kikiendelea, mara nyingi kuna chanzo kingine, kama utumbo kuziba, kalsiamu kuzidi katika damu au, jambo linalosahaulika mno, choo kigumu, ambacho kweli huletwa na morfini lakini hutibiwa kwa dawa ya kulainisha choo. Ndiyo maana muuguzi huuliza kwanza mgonjwa alipata choo lini na matapishi yana rangi gani, kwa kuwa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika inayosukuma tumbo, haifai utumbo ukiwa umeziba kabisa.