Bonsai ya Msonobari: Anzia Kitaluni, Siyo kwenye Kifurushi cha Posta

Mtu aliyeagiza "mbegu za bonsai" mtandaoni, kisha kifurushi chake kikazuiliwa na wakaguzi wa mimea, huja ofisini na swali moja: mbegu kumi zitamdhuru nani? Swali hilo lina jibu, na tutalitoa kwa kirefu. Lakini kwanza liondoke kosa moja. Hakuna mbegu ya bonsai. Hakuna kabisa. Bonsai ni mti wa kawaida uliopandwa kwenye chungu kifupi na kuzoeshwa kwa mkasi, waya na subira. Mbegu inayotoa mti wa mbao kule kwenye shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, ndiyo hiyohiyo inayotoa mti wa sentimita 60 barazani kwako.

Sasa jibu. Misonobari yote tuliyonayo Tanzania ni migeni. Pinus patula, ambayo wakulima wa Mufindi wanaiita mpaini, asili yake ni Mexico, na baadhi ya maadui wake wabaya bado hawajafika kwetu. Waliokwisha kufika walipitia njia ndogo sana. Mwaka 1968 vidukari wenye sufi nyeupe waliingia Kenya wakiwa kwenye vikonyo vya kubebeshea, yaani vijitawi vya kuunganisha kwenye mti mwingine, vilivyotoka Australia, baadaye wakaenea hadi kwenye mashamba yetu. Vikonyo tu. Mbegu nazo si salama: kuvu aitwaye Fusarium circinatum, anayeua miche na kuufanya mti mkubwa uvuje utomvu, husafiri pamoja na mbegu. Alipogunduliwa Afrika Kusini mwaka 1990 alikutwa kitaluni, kwenye miche ya Pinus patula. Japani yenyewe, nchi ya bonsai, imepoteza misonobari mingi mno kwa mnyoo asiyeonekana kwa macho, aliyetokea Amerika Kaskazini. Ugonjwa wa namna hiyo ukiingia kwetu, hasara haitaishia kwa mwenye chungu. Itampata mkulima aliyepanda ekari mbili za mipaini akitegemea kusomesha watoto.

Ndiyo maana utaratibu upo, na hauangalii ukubwa wa kifurushi. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, mwombaji anapata kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kibali kinatangulia mzigo. Kuja kukiomba wakati mzigo umeshafika ni kuchelewa. Ombi linataja jina la kisayansi la mti, kiasi, nchi unakotoka na mahali utakapoingilia. Kibali kikitoka kinakuwa na masharti, na muuzaji lazima ayapate, kwa sababu taasisi ya ukaguzi ya nchi yake ndiyo itakayokagua na kutoa cheti cha afya ya mimea kinachoendana nayo. Cheti kinasafiri na mzigo. Karatasi ya muuzaji iliyoandikwa "mbegu safi" siyo cheti. Hapa nchini mkaguzi anaangalia tena, na mzigo usiokidhi masharti unarudishwa, unatibiwa au unateketezwa kwa gharama ya mwenyewe. Anayeuficha anaweza kushtakiwa. Mche wenye udongo ndio wenye matatizo zaidi, kwani udongo hubeba minyoo na kuvu.

Wapo wanaoona huu ni usumbufu wa nchi maskini. Mwaka 1975 Japani iliizawadia Marekani bonsai 53, mmojawapo msonobari mweupe uliokuwa ukitunzwa tangu mwaka 1625 na kunusurika bomu la Hiroshima. Miti hiyo, zawadi ya taifa kwa taifa, iliwekwa karantini huko Glenn Dale, Maryland, takribani mwaka mzima.

Kung'oa mche kwenye msitu wa hifadhi nako kunahitaji kibali, kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, hata kama mche umejiotea wenyewe pembeni mwa barabara. Nunua mche kwenye kitalu, chukua stakabadhi, itunze. Inapunguza maswali njiani.

Mche unaofaa ni wa miezi 8 hadi 12, wenye shina lenye unene wa penseli na matawi ya chini yaliyo hai. Acha ule mrefu ulionyooka ambao mkulima wa mbao angeuchagua. Nyanda za juu zenye baridi, chukua patula. Pwani, Pinus caribaea hustahimili joto vizuri zaidi. Aina zote mbili zina sindano (majani membamba ya msonobari) ndefu, za patula hufika sentimita 15 hadi 25 na zinaning'inia, kwa hiyo usilenge mti wa kiganjani. Mti wa sentimita 50 hadi 70 utapendeza.

Udongo wa bustani peke yake utauua. Chekecha changarawe nyepesi ya volkano, ubaki na punje za milimita 3 hadi 6, vumbi litupwe. Sehemu tatu za changarawe kwa sehemu moja ya mboji iliyooza sawasawa. Ongeza konzi moja ya udongo uliokuwa na mche kitaluni: nyuzinyuzi nyeupe unazoziona humo ni kuvu rafiki wa mizizi, na msonobari bila huyo hudumaa. Watu huziosha wakidhani ni ugonjwa. Msizioshe.

Kuhamishia chunguni kufanyike Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaamsha machipukizi. Punguza mizizi isiyozidi theluthi moja, ukianza na mzizi mkuu, kisha usikate tawi wala kuweka waya hadi mti uonyeshe ukuaji mpya. Kosa linaloua wengi ni kufanya yote Jumamosi moja. Na msonobari hufa kimyakimya: mizizi ikishaoza kwa maji mengi, sindano hubaki kijani kwa wiki kadhaa, na mwenyewe anaendelea kumwagilia mti uliokwisha kufa. Uweke nje, kwenye jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Sebuleni, hapana.

Waya wa alumini uwe na unene wa theluthi ya tawi. Uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, ukikumbatia gome bila kulibana, kisha pinda tawi polepole, kidole gumba kikiegemea upande wa ndani wa pindo. Msimu wa mvua kagua kila wiki mbili. Ukiona gome limeanza kuvimba kandokando ya waya, ukate waya huo vipandevipande kwa koleo. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja tawi.

Machipukizi mapya husimama kama mishumaa. Mti ukiwa na nguvu, baada ya miaka mitatu hivi, subiri mshumaa ufike sentimita 3 hadi 5, sindano zikiwa bado zimelala, kisha vunja kwa vidole: nusu kwa ile yenye nguvu ya juu, theluthi kwa ya kati, na ile dhaifu ya chini iachwe. Ukitumia mkasi, ncha za sindano zitakatwa na kukauka rangi ya kahawia. Tawi la zamani usilikate hadi kwenye mti mtupu usio na sindano hata moja. Kwa kawaida halichipui tena.

Ukiona sufi nyeupe chini ya sindano, usipulizie dawa kwanza. Kata kipande, kitie kwenye chupa yenye kifuniko, andika tarehe na mahali, ukipeleke kwa mkaguzi wa mimea au ofisa ugani aliye karibu nawe. Sindano zikiwa zimeshapuliziwa dawa, kumtambua mdudu kunakuwa kazi ngumu.