Nungwi hadi Mkoani kwa msafara wa boti ndogo: hesabu ya kurudi ifanywe kwanza

Kutoka Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, hadi bandari ya Mkoani, kusini-magharibi mwa Pemba, ni takriban maili 30 za baharini, kama kilomita 55. Boti ya faiba ya futi 17 au 20, yenye mashine moja ya nguvu-farasi 40, huvuka kwa saa mbili hivi bahari ikiwa shwari. Ufupi huo ndio unaowaponza watu. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo anayekwenda Pemba husukumwa mgongoni bila kujua. Bili yake huletwa siku ya kurudi.

Kusi, upepo wa kusini, linapovuma kwa nguvu, mkondo unaweza kukaribia noti 4 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, mkondo hupungua sana, lakini upepo unakuja uso kwa uso na wewe, tena unapingana na maji. Upepo ukigombana na mkondo, mawimbi huwa mafupi na wima, na boti ndogo hupigwa omo, yaani mbele, mfululizo. Kipindi kinachofaa ni maleleji, pepo zinapobadilishana: kati ya mwishoni mwa Februari na Machi, kabla kusi halijaanza, kisha Oktoba na Novemba. Hata hapo chagua siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, si bamvua, na ondokeni saa 12 alfajiri ili mfike kabla upepo wa mchana haujaamka. Soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari, kisha usome tena alfajiri. Ukipishana na ule wa jioni, fuata ulio mbaya. Majini humu ndimo MV Spice Islander I, iliyozidisha abiria, ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011. Ilikuwa meli, wala si boti ya futi 17.

Sasa mafuta. Tuseme mnakwenda noti 15, mkondo ni noti 2 lakini unakata njia yenu mshazari, na mashine inakunywa lita 14 kwa saa. Hiyo lita 14 usiikopi: pima yako kwa kukimbia saa nzima ukiwa na mzigo uleule wa safari. Kwenda kutachukua kama saa 1 na dakika 50, lita 26. Kurudi ni saa 2 na dakika 12, lita 31. Jumla ni 57. Ongeza nusu yake iwe akiba, unafika 86, yaani matangi manne ya lita 24. Bahari ikichafuka na boti ikashindwa kuteleza juu ya maji, mwendo hushuka hadi noti 7 au 8 huku ulaji kwa kila maili ukipanda. Akiba ipo kwa ajili ya hilo, isitumike kuzungukia fukwe.

Kwa mashine za zamani za kuchanganya oili, uwiano wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita. Tangi la lita 24 linataka mililita 480. Soma kitabu cha mashine yako, kwani zipo za zamani zaidi zinazotaka oili nyingi kuliko hiyo. Changanyeni nchi kavu, kwa kopo la kupimia. Kumimina kutoka dumu hadi tangi katikati ya mawimbi ndiko kunakoingiza maji ya chumvi kwenye mafuta. Beba matangi yaliyokwisha kujazwa, uhamishe mpira wa mafuta tu.

Halafu kuna skrubu ndogo ya hewa juu ya kizibo cha tangi. Ikisahaulika imefungwa, mashine huwaka vizuri kabisa, hutoka bandarini kwa madaha, na baada ya dakika kumi inaanza kukohoa. Nahodha anabonyeza pampu ya mkono, inakuwa bapa, haijai tena. Anafungua plagi, anafungua kabureta, boti inageuka ubavu kwa mawimbi, na tatizo lenyewe ni skrubu. Pampu ikiwa bapa, tazama hewa kwanza. Ikiwa laini lakini haishiki, tafuta mpira uliopasuka au kiungio kinachovuta hewa.

Boti ya zamani hukaguliwa pia tezi, yaani nyuma, pale mashine inapofungwa. Ndani ya faiba mara nyingi mna mbao, na mbao hiyo huoza bila kuonekana. Gonga kwa mpini wa bisibisi: sauti kavu ni nzuri, sauti nzito ya mbao iliyolowa au maji kuchuruzika kwenye matundu ya bolti ina maana boti hiyo haivuki. Badilisha impela, kipande cha mpira kinachozunguka ndani ya pampu ya maji ya kupoza mashine, kama hujui ilibadilishwa lini. Beba plagi mpya, pini za rafadha (panga la mashine), chujio la mafuta, koleo na upo wa kukumbia maji. Boti yenye pampu ya umeme nayo ibebe upo.

Msafara huenda kwa mwendo wa boti iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ikae ya pili, si ya mwisho. Mbele kiongozi, nyuma kabisa boti yenye mashine nzima kuliko nyingine na akiba kubwa ya mafuta, kwa kuwa ndiyo itakayovuta. Kuvuta huweza kukaribia kuongeza ulaji maradufu, jambo ambalo hesabu nyingi hulisahau. Kamba ya nailoni ya milimita 12, mita 30, ifungwe pande zote mbili za tezi kwa umbo la V, isifungwe kwenye mashine. Kaeni umbali wa mita 150 hadi 200. Wimbi la mita moja na nusu linatosha kuificha boti yote.

Kila boti iwe na redio ya VHF, chaneli 16, ile ya dharura, ikiwa wazi. Simu hupoteza mtandao katikati. Kila nusu saa kiongozi aite boti kwa namba, na kila moja ijibu mafuta iliyobakiwa nayo. Dira ielekezwe digrii 5 hivi mashariki zaidi ya mstari wa ramani. Usipofanya hivyo, mkondo wa noti 2 utakuweka karibu maili 4 kaskazini ya ulipotaka, nusu ya njia ya kwenda kisiwa cha Misali. Jaketi okozi livaliwe tangu Nungwi, lisikaliwe kama mto.

Mtu wa nchi kavu aachiwe karatasi: majina ya wote, rangi za boti, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na saa ya kupiga kelele. Mkitarajia kufika saa 2 na nusu, asiposikia kitu ifikapo saa 4 awapigie KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na Mamlaka ya Usafiri Baharini bila kungoja. Boti isiyo na mashine katika mkondo wa noti 3 itakuwa imesogea maili 18 kwa saa sita.

Mkifika Mkoani, kabla ya chakula, pimeni kila tangi kwa kijiti na mlinganishe na hesabu. Boti iliyotumia zaidi ya lita 30 kwenda ijazwe hapo hapo, au irudi kwa jahazi.