Kaumia kifua, mbona kapooza mkono? Maswali kuhusu hewa kuingia kwenye ubongo

Swali: Ndugu yangu kapata ajali, kifua kimegonga stelingi, kichwa hakijaguswa kabisa, ila kufika hospitali upande mmoja umepooza. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana, ingawa ni nadra. Mbavu ikivunjika ikachana pafu (au mtu kachomwa kisu), njia ya hewa na mshipa wa damu vinaweza kuchanika pamoja, hewa ikapata pa kupenya. Mishipa inayotoka mapafuni inarudisha damu kwenye moyo upande wa kushoto, na kutoka hapo inasukumwa mwili mzima, ubongo ukiwemo. Kipovu cha hewa hiyo kikikwama huko juu kwenye ubongo, sehemu ile inakosa damu, basi ni kiharusi hicho.

Swali: Alibadilika ghafla walipomwekea mpira wa kupumulia. Wamekosea?

Jibu: Usikimbilie kulaumu. Mpira huo unaunganishwa na mashine inayosukuma hewa kwa presha, na kama pafu lina mpasuko presha hiyo inaweza kuiingiza kwenye mshipa, lakini mara nyingi bila mashine mgonjwa asingefika popote. Daktari akishashtukia, anapunguza presha.

Swali: Dalili zake?

Jibu: Kuchanganyikiwa, degedege, kupooza, kutoona, kuzimia, na kichwa hakina hata mchubuko. Kukohoa damu pia. Moyo nao unaweza kusimama maana vipovu vinaingia hadi kwenye mishipa yake wenyewe, na damu ikivutwa kwenye ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) wakati mwingine inatoka na povu kwenye sindano.

Swali: Sitiskani (CT scan, picha ya kichwa) imetoka safi, tushukuru?

Jibu: Bado. Vipovu vinaweza kuyeyuka kabla ya picha na ubongo ushaumia.

Swali: Tiba?

Jibu: Oksijeni ya 100% mapema. Karibu 78% ya hewa ya kawaida ni naitrojeni, na oksijeni nyingi inaitoa naitrojeni kwenye kipovu kikasinyaa. Mgonjwa analazwa chali, ile ya zamani ya kuinamisha kichwa chini wengi wameiacha maana ubongo unaweza kuvimba zaidi. Kuna pia chumba cha presha, kilekile cha wapiga mbizi, kinapandishwa mpaka kama mara 2.8 ya presha ya kawaida, ila ni vichache mno na pafu linalovuja lazima lishughulikiwe kwanza, hata kwa kupasua kifua.

Swali: Sisi tuliopo eneo la tukio tufanye nini?

Jibu: Kisu kikiwa bado kifuani msikichomoe, msimpe maji wala chai, mkimbizeni hospitali, na mkifika semeni wazi alianza saa ngapi kulegea au kuongea hovyo.