Mistari ya Wi-Fi imejaa, neti haiingii: dhana potofu kompyuta ya nyumbani ikikataa intaneti

Kompyuta nyingi zinazopakiwa kwenye bodaboda kutoka Nyalenda, Manyatta au Mamboleo kwenda kwa fundi mjini Kisumu kwa sababu "zimekataa neti" hazina ugonjwa wowote. Ugonjwa umebaki nyumbani: kwenye ruta, kwenye waya, kwenye malipo ya mwezi. Fundi mwaminifu ataiunganisha na Wi-Fi yake, itafunguka papo hapo, naye atakurudisha. Asiye mwaminifu atakuwekea Windows upya na kukulipisha.

Kinachotuponza ni haraka. Neti ikipotea tunabonyeza kila kitu kabla ya kuuliza imekatikia wapi, na tukishabonyeza, dalili ambazo zingetuonyesha njia zimefutika. Nyuma ya haraka hiyo kuna mambo tunayoyaamini ambayo si kweli, au ni kweli nusu.

"Mistari ya Wi-Fi imejaa, kwa hiyo intaneti ipo"

Mistari hiyo hupima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi ya redio kati ya kompyuta yako na ruta iliyo sebuleni. Kilicho ng'ambo ya ruta haikijui. Mfereji kuwa hatua mbili kutoka jikoni hakumaanishi maji yametoka. Kutoka kwenye ruta, safari inaendelea hadi kikasha cha faiba au antena ya paani, kisha mitambo ya kampuni, kisha nyaya za kwenda Nairobi na Mombasa, na mwishowe nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS zilizofika pwani yetu mwaka 2009. Pakikatika popote hapo, mistari yako itabaki imejaa vilevile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kujikokota. Siku kama hiyo huna cha kurekebisha ndani ya nyumba.

Kuna upande wa pili ambao watu hawautarajii. Windows inaposema hakuna intaneti, imefikia uamuzi huo kwa kujaribu kusoma faili dogo sana kwenye seva ya Microsoft. Ikizuiwa kulifikia, kwa mfano na VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) au programu ya kuzuia virusi, itatangaza kwamba hakuna intaneti hata kama kurasa zinafunguka vizuri. Jaribu kufungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua kabla ya kuamini alama hiyo.

"Simu inaingia, kwa hiyo tatizo ni kompyuta"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Simu ina njia mbili za kutoka nje, Wi-Fi na data, na simu nyingi za siku hizi zikiona Wi-Fi haina kitu hurudi kwenye data kimyakimya. Unatazama video ukidhani unatumia Wi-Fi, kumbe bando ndilo linaliwa. Kompyuta haina laini ya simu, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayosema ukweli, halafu inaitwa mbovu.

Kabla ya kuitumia simu kama kipimo, zima data kabisa, acha Wi-Fi peke yake, kisha fungua ukurasa mpya. Simu ikikwama, achana na kompyuta na ugeukie ruta au malipo. Ikiingia bila data, hapo sasa una sababu ya kuichunguza kompyuta.

Kwa Wi-Fi za mtaa, zile za kulipia kwa M-Pesa kwa saa au kwa siku, kuna mtego mwingine. Kifurushi mara nyingi hufungwa kwenye kifaa kilicholipa, na mfumo hukitambua kifaa hicho kwa anwani ya kadi yake ya mtandao, yaani nambari inayokitofautisha na vingine. Umelipa kwa simu, laptopu ni mgeni. Simu za Android kuanzia toleo la 10 hutumia anwani ya kubuni kwa kila Wi-Fi, kwa hiyo ukibadilisha mpangilio huo, hata simu iliyolipa inaweza kuonekana ngeni. Na ule ukurasa wa malipo usipojitokeza kwenye kompyuta, mara nyingi ni kwa sababu ulijaribu kufungua tovuti ya https, ambayo haikubali kuelekezwa kwingine. Jaribu kuandika anwani inayoanza na http bila ile s, na mara nyingi utajitokeza.

"Ukizima na kuwasha ikakataa, bonyeza reset"

Kuzima na kuwasha ruta ni ushauri mzuri, hasa stima ikipotea na kurudi. Chomoa kwenye soketi, subiri nusu dakika, rudisha, kisha uwe na subira, kwa maana kikasha cha faiba huhitaji dakika kadhaa kujitambulisha kwa mitambo ya kampuni. Wengi hawangoji. Wanazima tena taa zikiwa katikati ya kuamka, mara tatu, mara nne, halafu wanasema ruta imekufa.

Reset ni jambo jingine kabisa. Kile kitundu cha nyuma kinachohitaji pini, ukikibonyeza sekunde kama kumi, hurudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Jina la Wi-Fi na nenosiri lako vinafutika, na kwa baadhi ya kampuni hata lile jina na nenosiri ambalo ruta yenyewe hutumia kuingia kwa kampuni linakwenda nalo. Zipo kampuni ambazo mitambo yao huijaza ruta upya kutoka mbali. Zipo nyingine ambazo ni lazima fundi aje kwako. Mtu aliyekosa neti kwa sababu tu alikosea nambari ya akaunti akilipia, tatizo la kumalizwa kwa simu moja, sasa atangoja fundi hadi wiki ijayo. Mimi ningekibandika gundi kitundu hicho.

Windows nayo ina reset yake ya mtandao ndani ya mipangilio. Haiharibu kompyuta, ila inafuta nenosiri la kila Wi-Fi uliyowahi kuitumia na mipangilio ya mtandao uliyojiwekea. Iwe ya mwisho.

"Bila fundi huwezi kujua imekatikia wapi"

Unaweza, kwa kuandika maneno mawili matatu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kitafunguka kidirisha cheusi. Andika ipconfig, kisha Enter. Tafuta mstari wa anwani ya IPv4. Ukiona nambari inayoanza na 192.168, au 10, ruta imeipa kompyuta anwani na wawili hao wanaelewana. Ukiona inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yake. Hutokea sana stima ikirudi usiku: kompyuta inaamka haraka, ruta bado inajikongoja. Zima Wi-Fi ya kompyuta na uiwashe tena, au kama ni waya, uchomoe na uurudishe. Waya wenyewe uangalie kwenye ncha, kile kikucha cha plastiki kikivunjika plagi hulegea, na kwa macho unaonekana umeingia sawasawa.

Anwani ikiwa nzuri, andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni seva ya Google, na kwa kawaida Windows itaibishia hodi mara nne. Ikijibu, njia ya kwenda nje iko wazi. Sasa andika ping kisha jina la tovuti yoyote kubwa. Nambari ikijibu na jina likashindwa kupatikana, kilichokufa ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari. Kwa kompyuta iliyokwama hivyo, intaneti iko na haiko: WhatsApp uliyoiacha wazi inaweza kuendelea kupokea ujumbe huku kivinjari kikidai tovuti haipo. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, badilisha DNS iwe 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kisha rudi kwenye kidirisha cheusi uandike ipconfig /flushdns ili isahau majibu ya zamani.

Vyote vikijibu na kivinjari bado kikagoma, tazama proksi, ile seva ya kati ambayo kivinjari hupitia kwenda mtandaoni. Hili huwapata wanafunzi wanaorudi nyumbani likizo. Chuoni waliambiwa waweke anwani ya proksi, wakaweka, wakasahau, na sasa wako Ahero au Luanda ya Vihiga na kompyuta bado inaitafuta seva ya chuo. Izime. VPN ya bure iliyoisha muda nayo hufanya mchezo huohuo.

"Tovuti zinasema si salama, basi nimedukuliwa"

Angalia saa kwanza. Sio ya ukutani, ile iliyo pembeni chini ya skrini, pamoja na mwaka.

Kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani kuna betri ya mviringo, kubwa kuliko kifungo cha shati, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa stima ikiwa imezimwa. Kompyuta za mezani zinazouzwa mitumba zimeshakaa miaka mingi, na betri hiyo ikiisha, kila stima ikipotea kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani ilipotengenezwa. Sasa, kila tovuti ya https ina cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vile vinavyotolewa bure na Let's Encrypt vimezoeleka kuwa vya siku 90 tu. Kompyuta inayoamini kwamba tuko miaka kumi nyuma huona vyeti vyote vya dunia havijaanza kutumika, na kivinjari kinakukatalia mlangoni kwa onyo la kutisha. Ukifanya ping, inajibu vizuri. Wi-Fi nzima, malipo yamefanyika, na hakuna kinachofunguka.

Rekebisha tarehe kwa mkono, chagua saa za Nairobi, fungua kivinjari upya. Kisha nunua betri. Bila betri utarudia kazi hii kila stima ikipotea, na sote tunajua itapotea.

"Ni virusi"

Mara chache. Kuna programu mbaya zinazopachika proksi au kubadilisha DNS, lakini dawa yake ni ileile ya kuangalia sehemu hizo mbili. Usikubali kompyuta isafishwe yote kabla hazijatazamwa.

"Windows yangu ni ya zamani, imefungiwa intaneti"

Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hapo uvumi ukaenea kwamba kompyuta zake zitakatiwa. Hapana. Kilichosimama ni masasisho ya bure ya usalama, jambo zito kwa upande wake, ila haliikatii mtu neti asubuhi. Kwa mashine kuukuu zaidi kuna chembe ya ukweli: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kiitwacho DST Root CA X3, ambacho vyeti vya tovuti nyingi vilikitegemea, kiliisha muda, na kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa kwa miaka zikaanza kukataa tovuti zilizokuwa zikifunguka jana yake. Chrome nayo iliacha Windows 7 kwenye toleo la 109. Hao shida yao ni kivinjari kilichozeeka, wala si laini.

"Mvua ikinyesha neti lazima ipotee"

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na mvua haiuzimi. Kinachoukata ni nguzo iliyoanguka, tawi, au trekta la kuchimba barabara. Sahani ya setilaiti ni tofauti. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, inaweza kukatika kwa dakika chache mvua ikiwa kubwa, kisha ikarudi yenyewe.

Cha kuogopa huku kwetu ni radi. Kuanzia kando ya ziwa hadi Kisii na Kakamega ngurumo za jioni ni za kawaida, na umeme wa radi hupenya kwa njia ya soketi, unaingia kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta unapita kwenye waya wa mtandao hadi ndani ya kompyuta. Kompyuta inawaka vizuri, lakini taa ya tundu la waya imezima moja kwa moja. Hapo kompyuta haijafa. Jaribu Wi-Fi, au nunua kile kiunganishi kidogo cha mtandao kinachochomekwa kwenye USB. Na ngurumo zikianza, kuzima kwa swichi hakutoshi, chomoa plagi, na waya wa mtandao pia.

"Kuwapigia kampuni ni kupoteza muda"

Ukisema "neti imepotea" utaambiwa uzime uwashe, na utakasirika bure. Waambie taa ipi inawaka rangi gani, tangu saa ngapi, kwamba umeshazima na kuwasha na hujafanya reset, na kama jirani wa kampuni hiyohiyo pia hana. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwako, na hakuna unachoweza kubadilisha kwenye kompyuta kitakachousaidia. Tazama tu kama ule waya mwembamba haujakunjwa na kabati au kutafunwa na panya. Usiuchomoe kuupangusa kwa shati, ncha yake ikipata uchafu utaongeza kazi, wala usiichungulie: mwanga wake ni leza usiouona kwa macho.